Mwongozo kamili wa kuchunguza faya blaiti kwenye miti ya epo na peasi, kuanzia ua mpaka maabara

Mtu akiona tawi la epo limekauka limekuwa jeusi haraka anasema hiyo ni faya blaiti, ule ugonjwa wa bakteria unaounguza maua na matawi, kesho yake ashanunua dawa, na mimi nasema hapana, subiri kwanza. Huu ugonjwa unafanana na mambo mengi sana, baridi kali ya usiku, bakteria wengine, fangasi, hata mdudu aliyetoboa tawi, na ukiupa jina kabla ya kuthibitisha unaweza kumfanya mkulima ang'oe shamba bure, au ukamwambia usijali huku ugonjwa wenyewe unatembea. Halafu kuna jambo la pili ambalo hata waliosoma wanalipita: karibu kila kitu kinaamuliwa kwenye ua. Lile tawi jeusi ni habari ya wiki moja mpaka tatu zilizopita. Mtafiti anayesubiri tawi jeusi ndo aanze kazi ameshachelewa, ndo maana utaona narudi kwenye ua kila mara.

Nawaandikia wanafunzi wa kilimo, mafundi wa maabara, maafisa ugani, na ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya ambao wako kwenye mashamba ya matunda na wanaulizwa maswali kila siku. Tuanze.

Jua kwanza unatafuta nini

Bakteria mwenyewe anaitwa Erwinia amylovora. Kwao ni Amerika Kaskazini, na taarifa za mwanzo zilitoka bonde la mto Hudson, jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1700. Kwa karibu miaka 100 watu walibishana, wengine wakasema ni radi, wengine jua kali, wengine maji ya mti kuganda kwa baridi. Thomas Burrill wa Illinois kuanzia 1878 ndo akaonyesha kuna bakteria ndani ya magome yanayooza, halafu Joseph Arthur akiwa Geneva, New York, mwaka 1885 akafunga ubishi kwa majaribio ya kuwatenga bakteria na kuwarudisha kwenye mti. Hii ni moja ya kazi za mwanzo kabisa duniani kuthibitisha kwamba bakteria wanasababisha magonjwa ya mimea, kabla ya hapo wakubwa wengi wa sayansi hawakukubali. Merton Waite akaja miaka ya 1890 akaonyesha nyuki na wadudu wengine wanaubeba kutoka ua hadi ua.

Baada ya hapo ukasafiri. New Zealand 1919, Uingereza 1957, Misri miaka ya 1960, Ulaya karibu yote, Morocco 2006, Korea Kusini 2015. Huko Michigan mwaka 2000 msimu mmoja tu wa joto na mvua wakati wa maua uliwapa wakulima hasara inayozidi dola milioni 40. Binadamu haumdhuru, tunda unakula bila shida, anayeumia ni mti na mwenye mti.

Sasa mzunguko, huu uushike vizuri maana hatua zote zinazokuja zinaegemea hapa. Majira ya baridi bakteria wanakaa kwenye kingo za vidonda vya gome. Joto likirudi na maua yakianza, kidonda kinatoa ute wa rangi ya maziwa au kahawia, nzi na mvua vinaupeleka kwenye maua ya mwanzo, nyuki wanamalizia kusambaza. Bakteria akifika kwenye stigma ya ua, ile ncha inayopokea chavua, anazaliana bila kuingia ndani, hali ikiwa nzuri anafika milioni 1 na zaidi kwenye ua moja, na hapo ua bado linaonekana zima kabisa! Halafu inakuja mvua au umande tu, unamsomba mpaka chini kwenye kikombe cha nekta, anaingia kupitia vitundu vya asili vinavyotoa nekta. Hapo ndo ugonjwa unaanza. Kabla ya huo umande hakuna ugonjwa, kuna bakteria tu.

Hatua ya 1: Kaa na kipimajoto kabla ya kukaa na mkasi

Kuna mfumo wa kutabiri unaitwa MaryBlyt, aliutengeneza Paul Steiner na mwenzake huko Maryland, na mpaka leo mantiki yake inatumika sana. Mambo 4 lazima yakutane. Ua liwe wazi na petali zake bado zipo. Joto liwe limejikusanya, yaani unajumlisha zile nyuzi zinazozidi 18.3 kila saa tangu ua lifunguke, zikifika 110 bakteria wameshakuwa wengi wa kutosha. Kuwe na unyevu, umande au mvua ya kuanzia milimita 0.25. Na wastani wa joto la siku hiyo uwe nyuzi 15.6 au zaidi. Yote 4 yakitimia siku hiyo andika kwenye daftari kwamba maambukizi yanawezekana, likikosekana moja basi hatari inapungua.

Kwa hiyo nunua kirekodi joto cha bei ya kawaida, kiwekee kivuli, kitundike ndani ya shamba lenyewe sio kwenye ukuta wa ofisi, kirekodi kila saa. Data ya uwanja wa ndege ulioko mbali itakudanganya hasa shamba likiwa bondeni. Na kila siku andika maua yamefunguka asilimia ngapi. Kazi hii inachosha na haina picha nzuri za kuonyesha watu, lakini bila hiyo baadaye utakuwa na matokeo ambayo huwezi kuyaeleza, dawa imefanya kazi au hali ya hewa tu ndo ilikataa, hutajua.

Hatua ya 2: Soma dalili shambani

Tembea mstari kwa mstari. Kwenye maua utaona kishada kizima kimelowa kijivu-kijani halafu kinakuwa kahawia kwenye epo, au cheusi kabisa kwenye peasi, na kikonyo nacho kimekwenda. Chipukizi changa ncha yake inapinda kama bakora na majani yaliyokufa yanang'ang'ania hayadondoki. Tafuta ute, matone madogo kwenye kikonyo au tunda changa, asubuhi kukiwa na unyevu ndo yanaonekana vizuri. Ukichuna gome kwa kisu pale mpakani, chini yake kuna wekundu wa kutu unaoingia kwenye sehemu nzima.

Angalia na chini ya mti. Rutstoki, yaani mashina ya chini ambayo aina ya tunda hubebeshwa juu yake, za M.9 na M.26 ambazo zimejaa duniani ni dhaifu sana kwa huu ugonjwa, mti juu unaweza kuonekana una tawi moja tu lenye shida kumbe chini ya kiungio bakteria wameshazunguka shina, mti unakufa wote. Ndo sababu Chuo Kikuu cha Cornell na serikali ya Marekani walitumia miaka mingi kutengeneza rutstoki za Geneva kama G.41 na G.11, zinazostahimili.

Wanaofanana nao: Pseudomonas syringae anaunguza maua ya peasi pia lakini hupenda hali ya baridi na maji, hatoi ute, na mara nyingi anaishia kwenye kishada haendi mbali kwenye mti. Baridi kali inaua maua mengi kwa mpigo upande mmoja wa shamba au sehemu za chini. Tawi lililotobolewa na mdudu ukilipasua utaona njia yake. Na kama unafanyia kazi Korea kuna ndugu yake, Erwinia pyrifoliae, dalili zake huwezi kuzitofautisha kwa macho hata uwe mzoefu vipi.

Hatua ya 3: Kuchukua sampuli

Chukua mapema, dalili zikiwa mbichi. Tawi lililokauka kitambo linakupa bakteria wa uchafu tu, yule unayemtaka ameshakufa au wamemzidi. Kata pale panapokutana pagonjwa na pazima, uchukue na sentimita kadhaa za sehemu inayoonekana nzima. Mkasi uufute na spiriti ya asilimia 70 kati ya mti na mti, hapa sio kwa ajili ya mti tu, ni ili usichanganye sampuli. Kila sampuli mfuko wake, andika tarehe, mstari, namba ya mti, aina ya tunda, rutstoki, dawa iliyopigwa mara ya mwisho. Weka kwenye kibebeo chenye barafu, usifungie ikiwa imelowa maji, fikisha maabara siku hiyo hiyo ukiweza.

Kuhusu dawa, uliza hasa kama wamepiga kopa, yaani dawa ya madini ya shaba, karibuni. Kopa inaweza kuwafanya bakteria wawe hai lakini wagome kuota kwenye sahani za maabara, utasema hakuna kitu kumbe wapo.

Kama unachunguza maua ambayo hayana dalili, na hii ndo kazi ninayoiona ina thamani kuliko zote, chukua maua mengi bila kuchagua, yachanganye kwa mafungu, yaoshe kwa kuyatikisa kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi za kutuliza pH, halafu yale maji ndo unayapima. Hapo unapata idadi ya bakteria kabla ugonjwa haujatokea, unaweza kuchora jinsi wanavyopanda siku kwa siku ukilinganisha na joto lako la hatua ya 1.

Hatua ya 4: Kuwaotesha

Osha kipande kwa jiki iliyochanganywa na maji, suuza mara kadhaa na maji yaliyopita kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, katakata vipande vidogo ndani ya bafa, acha dakika chache bakteria watoke wenyewe. Ukisagasaga kwa nguvu sana unatoa kemikali za mmea zinazoua bakteria na baadaye zinaharibu PCR, kipimo cha DNA cha hatua ya 6, kwa hiyo maabara nyingi huweka kwenye bafa vitu vya kuzuia hilo kama vitamini C na PVP. Punguza mara 10, mara 100, mara 1000, paka kwenye sahani.

Sahani gani? Tumia angalau aina 2. Agari yenye sukari asilimia 5 inawafanya watoe levani, ute wa sukari, koloni linakuwa jeupe, limevimba juu, linang'aa, lina ute, baada ya masaa kama 48 kwenye nyuzi 27. Kwenye King's B, aina ya pili ya sahani, wanatoka weupe wa krimu na ukiwamulika na taa ya yuvi hawang'ai, tofauti na Pseudomonas syringae ambaye kwa kawaida anang'aa. Kuna ya tatu, CCT, inachuja vizuri sana wengine wasiote ila ina thaliamu, sumu mbaya kwa binadamu, vaa glavu, pima ndani ya kabati la hewa, na usimwache mwanafunzi mgeni aipime peke yake. Kwenye hii wanachelewa, siku 3 mpaka 4.

Weka kila mara sahani moja ya bakteria unayemjua kwa hakika na moja isiyo na kitu. Chagua makoloni, chora upya kwenye sahani mpya mpaka uwe na aina moja tupu. Usiruke hii hata kama una haraka, majibu mengi ya ajabu yanatokana na koloni ambalo lilikuwa mchanganyiko.

Hatua ya 5: Vipimo vya bei nafuu kwanza

Weka tone la potasiamu haidroksaidi asilimia 3 kwenye kioo, koroga koloni, inua kijiti: ukivutika uzi wa ute basi ni Gram hasi, kundi la bakteria ambalo Erwinia yumo, endelea. Halafu jani la tumbaku. Tengeneza maji yenye bakteria angalau milioni 100 kwa mililita 1, sindano bila ncha ya chuma, bana nyuma ya jani uingize. Kama bakteria ana ule mfumo wake wa kuingiza protini ndani ya seli za mmea, sehemu ile inasinyaa ndani ya masaa 24. Jani lingine weka maji tu. Ila Pseudomonas syringae naye anafanya hivyo hivyo kwa tumbaku, kwa hiyo hiki kipimo hakitoi jina, kinakuambia tu huyu anaweza kuambukiza mmea ugonjwa.

Ninachokipenda zaidi ni cha peasi changa. Chukua peasi mbichi ndogo za aina dhaifu kama Conference au Williams, osha na jiki, suuza, kata vipande vinene au uzitoboe, dondosha bakteria, weka kwenye boksi lenye tishu iliyolowa, nyuzi 25. Ndani ya siku 3 mpaka 7 panakuwa peusi na matone ya ute yanachomoza, yanaonekana kwa macho bila mashine yoyote. Maabara isiyo na pesa inaweza kufika hapa vizuri kabisa, ila peasi changa zinapatikana msimu mfupi, zichume mapema utunze kwenye friji.

Hatua ya 6: PCR

Kwa miaka mingi watu wamepima kwa kutafuta plasmidi yake, kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, inaitwa pEA29, na inafanya kazi maana karibu wote wanayo. Karibu. Wameshapatikana bakteria wenye uwezo kamili wa kuambukiza mti na hawana hiyo plasmidi, kwa hiyo ukitegemea hiyo peke yake utawapoteza. Tumia shabaha 2, moja ya plasmidi moja ya kromosomu. Shirika la EPPO la Ulaya lina mwongozo wake namba PM 7/20 unaoeleza vipimo vilivyokubalika, ufuate huo, usitunge wa kwako. Weka DNA ya bakteria anayejulikana, weka maji, na weka sampuli ya mti mzima ambao umeuongezea bakteria kwa makusudi, hii ya mwisho ndo inakuambia kama utomvu wa mti unaziba kipimo.

Kwa sampuli zisizo na dalili waoteshe kwanza kwenye mchuzi wa virutubisho siku 2 au 3 ndo upime, wanaongezeka mpaka mashine inawaona. Zile strip za haraka za shambani zinafaa pale ute upo au dalili ni mbichi, zinahitaji bakteria wengi, kwa hiyo zikikataa usitangaze kwamba shamba ni salama.

Hatua ya 7: Rudisha kwenye mti

Hapa ndo pale pale Arthur alipofika 1885 na hakuna njia ya mkato. Chukua bakteria wako safi, mche wa epo ulio kwenye chungu unaochipua kwa nguvu, kata ncha ya jani changa kwa mkasi uliochovywa kwenye bakteria, mingine uichovye kwenye maji tu. Subiri wiki 1 mpaka 2, pima urefu wa sehemu iliyokufa kwa sentimita, halafu watenge tena bakteria kutoka kwenye mche huo na uwapime upya. Wakiwa wale wale, sasa una haki ya kuandika jina.

Hii kazi inafanyika ndani ya grinhausi iliyofungwa na yenye kibali. Kwenye nchi ambayo ugonjwa haupo usithubutu kabisa kuleta bakteria hai, hata kwa tasnifu ya PhD.

Hatua ya 8: Pima usugu wa dawa

Streptomaisini, ambayo ni antibayotiki, imetumika kwenye maua tangu miaka ya 1950 na California wakapata bakteria sugu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Washington na Oregon nao, Michigan karibu 1990. Pima hivi: sahani yenye streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita, paka bakteria wako, paka na wa zamani unayejua anakufa. Wakiota, tafuta sababu. Kuna walioharibika jeni moja ya rpsL, hawa usugu wao ni mkubwa mno hata ukiongeza dawa mara 10. Na kuna waliopokea jeni za strA na strB ambazo zinahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata kutoka kwa bakteria wasio na madhara wanaoishi kwenye ua. Hawa wa pili ndo wananitia wasiwasi zaidi, maana kila ukipiga dawa unawachagua pia wale wasio na hatia wanaotunza hizo jeni.

Hatua ya 9: Jaribio la kutibu shambani

Kama eneo lako tayari lina ugonjwa na una ruhusa, gawa miti kwa bloku 4 au zaidi, kila bloku iwe na matibabu yote, yapange kwa bahati nasibu. Lazima kuwe na miti iliyowekewa bakteria bila dawa, mingine isiyowekewa kitu, na mingine yenye streptomaisini au kasugamaisini ya kulinganishia. Halafu ndo unaweka unachokitafiti. Mimi ningeweka nguvu kwenye viumbe wanaokaa kwenye ua wakamnyima nafasi Erwinia, kama Pantoea agglomerans na ule ukungu wa hamira Aureobasidium pullulans, hasa kwa sababu kilimo hai cha Marekani kilizuia antibayotiki kwenye epo na peasi tangu 2014 na wakulima wanahitaji kitu mbadala chenye ushahidi. Hawa viumbe wanapigwa mapema, maua yakiwa yanafunguka, ili wawe wameshakaa kabla. Ukiwapiga baada ya adui kufika unapoteza pesa.

Maua yakiwa wazi asilimia 80 na kuendelea, jioni, nyunyiza bakteria milioni 1 kwa mililita. Chukua maua kila siku 2 uhesabu waliomo. Baada ya wiki 2 au 3 hesabu vishada 100 kwa kila mti, vingapi vimeungua. Anayehesabu asijue mti huo ulipata nini, hili watu wanalidharau ila jicho linapendelea bila wewe kujua.

Mwisho wa jaribio matawi yote yaliyougua yakatwe siku kavu, sentimita 20 mpaka 30 chini ya mwisho wa dalili, na yachomwe. Sahani zote ziingie otoklevu kabla ya kutupwa. Bakteria wazuri watunze kwenye glisero kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, wakiwa na namba zinazolingana na daftari.

Na kwetu Afrika Mashariki je

Epo zinalimwa Lushoto, Njombe, Kabale, nyanda za juu za Kenya, nyingi ni Anna na Dorsett Golden zisizohitaji baridi kali. Barani Afrika ugonjwa uko kaskazini, Misri, Morocco, Algeria, Tunisia. Kinachoniogopesha ni kwamba kwetu hakuna majira ya baridi ya kuupumzisha, na wakulima wengi wanachuma majani kwa mkono ili mti utoe maua tena, kwa hiyo maua yapo mara 2 kwa mwaka na mashamba jirani hayaendani, ua lipo karibu muda wote. Ukiingia hapo utapata chakula mfululizo. Na njia yake rahisi ya kuingia ni mche au kitawi cha kubebesha ambacho mtu amekificha kwenye begi akitoka safari.

Kwa hiyo ukiona dalili nilizozieleza, ute hasa, fanya hivi. Piga picha za karibu na za mbali. Funga utepe kwenye mti, usikate wala kutembeza tawi lolote, usipeleke sampuli kwa rafiki mwenye maabara mji mwingine. Osha viatu na mkasi na jiki kabla ya kuingia mstari mwingine. Kama kuna mizinga isihamishwe. Wasiliana na mamlaka za serikali za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, waambie miche ilitoka wapi, mwaka gani, aina gani na rutstoki gani, maana swali lao la kwanza litakuwa hilo, na miche iliyobaki ya mzigo ule ule iko kwenye mashamba ya watu wengine.